Shajara ya Mradi: Kitanda Kikavu Juu ya Pikapu, Malindi

Kaskazi ikielekea kwisha

Shajara hii inaandika kazi ya kukifanya kibanda cha kulala kilicho juu ya pikapu yetu kiwe mahali pakavu, safi na pa raha kwa watu wawili, mimi na mke wangu, tunapolala ufukweni hapa Malindi, kaskazini hadi Ngomeni, na mara moja moja bara katika upande wa Tsavo. Kibanda hukaa juu ya bodi ya nyuma ya gari. Paa lake huinuliwa kwa mikono ya gesi, na baina ya paa na bodi kuna kuta za turubai la nailoni lililopakwa plastiki, ambazo hunyooka paa linapopanda na kukunjika linaposhuka. Kitanda kipo mbele, juu ya kichwa cha gari, na hakuna nafasi kubwa juu yake: paa likishushwa hukaribia kabisa kugusa matandiko. Kibanda kiliundwa Marekani, ambako wenye vibanda vya namna hii hupambana zaidi na baridi, na dawa yao ya unyevu ni kuwasha hita. Sisi tuliopo nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta hatuna haja ya hita, kwa hiyo ushauri wao mwingi haukutufaa na ilibidi mambo yaanzwe upya.

Swali la kwanza lilikuwa kwa nini mapazia, godoro na mito havikauki hata baada ya jua kali la mchana kutwa. Vikianikwa hukauka, lakini ifikapo usiku wa manane huwa na ubichi ule ule unaonata mwilini. Jibu ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75, na usiku wa mwambao hupita kiwango hicho mara nyingi. Kitambaa kilichokaa ufukweni, kikapigwa na mvuke wa mawimbi na kukaliwa na watu waliotoka kuoga baharini, huwa kimejaa chembe za chumvi ambazo mchana hukauka na usiku hurudi kuwa maji. Kuanika peke yake basi hakutoshi, kwa kuwa jua huondoa maji na kuiacha chumvi ilipo. Ni lazima ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, na hapo ndipo penye uzito kwa mkazi wa Malindi, kwa sababu visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvichumvi ambayo humaliza sabuni na kuacha kitambaa kama kilivyokuwa. Tunatumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho, kwenye mto Sabaki, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa.

Utaratibu tuliokubaliana ni huu. Kila tunaporudi kutoka ufukweni, kabla ya kitu kingine chochote, kuta za turubai hupitishwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje, kisha paa huachwa wazi mpaka zikauke. Mapazia na foronya hufuliwa. Sabuni huja baadaye, na iwe laini, katika maji ya vuguvugu, kwa brashi ya manyoya mororo. Dawa za klorini za kung'arishia nguo nyeupe tumezipiga marufuku juu ya turubai, kwa kuwa hudhoofisha nyuzi za mshono na ule mpako unaozuia mvua, na jua la hapa tayari linaufanyia mpako huo kazi ya kutosha.

Jambo lililotusaidia upesi ni kuacha kupanda kitandani na mwili wa bahari. Tumefunga mfuko mweusi wa maji juu ya paa, ambao mchana hupata joto la jua, na kila mmoja hujimwagia kabla ya kuingia. Tangu hapo shuka hukaa kavu kwa siku nyingi zaidi.

Tanga mbili (baina ya kaskazi na kusi)

Kazi kubwa ya msimu huu imekuwa kitanda chenyewe, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu naamini ndiyo roho ya mradi wote.

Godoro lililokuja na kibanda lilikuwa la sifongo, limelazwa moja kwa moja juu ya plaiwudi. Ukiliinua asubuhi ulikuta upande wa chini umelowa, na mbao zina madoa meusi ya kuvu. Maji hayo hayakutoka nje, kwa kuwa hapakuwa na mvua wala tundu. Yalitoka kwetu. Mtu mzima aliyelala usiku mzima hupoteza karibu robo lita ya maji kwa pumzi na kupitia ngozi hata kama hatokwi na jasho la kuonekana, na katika joto la Machi huzidi hapo. Sehemu ya mvuke huo huteremka kupitia godoro, hukutana na ubao usiopitisha hewa, na hukaa hapo. Kwa hiyo kusafisha kuvu kwa siki kila wiki kulikuwa sawa na kufuta sakafu bila kufunga bomba.

Wenzetu wa Marekani huweka chini ya godoro mkeka mnene wa nyuzi za plastiki, ulio wazi katikati, ili hewa ipite. Ni njia nzuri, ila mkeka huo hauuzwi hapa na kuuagiza ni gharama. Nilipomweleza jambo hili mzee mmoja seremala, mzaliwa wa Lamu anayefanya kazi hapa mjini, aliniuliza, "Mwanangu, nyumbani kwenu mlilalia nini kabla ya haya magodoro ya dukani?" Nikamjibu, "Kitanda cha kamba, Mzee." Akasema basi tuwambe kitanda.

Kitanda cha kuwamba kina faida ambayo wahenga wetu waliijua bila kuipimia asilimia: hewa hupita chini, juu na katikati. Tatizo letu lilikuwa kimo. Kitanda cha kawaida cha kamba kina matendegu marefu, na kamba zikilegea hubonyea shubiri nzima bila kudhuru mtu. Sisi tuna inchi chache tu kati ya plaiwudi na paa lililoshushwa, na ndani ya inchi hizo lazima wakae fremu, godoro na shuka. Kamba zikibonyea zikagusa ubao, faida yote imepotea pale pale panapolaliwa na kiuno na mabega, yaani mahali penye joto na jasho zaidi.

Mzee alilitatua jambo hilo kwa namna ambayo nadhani aliitoa kwenye vyombo vya baharini kuliko kwenye vitanda. Hakuweka matendegu kabisa. Alichonga mifumbati miwili, yaani mbao za ubavuni, na vitakizo viwili, vya kichwani na miguuni, vya mbao nyembamba za mwarobaini, zilizosimamishwa kwa ubavu, kisha akapitisha mataruma, mbao za kukingama kama mbavu za chombo, kutoka mfumbati mmoja hadi mwingine, kila moja likiwa limechongwa mbonyeo mdogo kwa juu ili kamba zilale ndani yake bila kumuumiza mlalaji mgongo. Uzito hubebwa na mataruma, na kamba hufunika nafasi zilizo baina yake tu, kwa hiyo kila kipande cha kamba ni kifupi na hakibonyei zaidi ya unene wa kidole. Mbao za mwarobaini alizichagua kwa sababu wadudu hawazipendi, na kwa sababu zinapatikana hapa hapa kwa bei inayoeleweka.

Kamba zenyewe tulizijadili sana. Kamba ya nailoni ni nyembamba, haiozi na huvutwa ikakaza, lakini huteleza, na mafundo yake hulegea kwa mtikisiko wa barabara mbovu. Kamba ya usumba, ya makumbi ya nazi, hukwaruza ngozi na ni nene kidogo, ila ina sifa ya kuvumilia maji ya chumvi kuliko nyuzi nyingi za mimea, ndiyo maana ilitumika vyomboni tangu zamani. Mwisho tulitumia usumba. Kwa kuwa kamba hiyo huvimba ikilowa na hulegea baada ya kukaliwa, mzee aliwamba mara ya kwanza, akatuamuru tuilalie, kisha akarudi kuikaza upya upande wa miguuni, ambako aliacha kamba ya kukazia inayofunguliwa bila kuvunja mwambo wote. Upande wa mchago, yaani wa kichwani, hauguswi.

Juu ya kamba tumetandika mkeka wa ukindu, na juu ya mkeka godoro jembamba la sifongo gumu. Mkeka huzuia kamba kukwaruza kitambaa cha godoro, nao wenyewe hupitisha hewa. Asubuhi ya kwanza nilipitisha kiganja chini ya godoro na nikakuta pakavu, ila kwenye kona moja iliyobanwa na ukuta. Kona hiyo tumeikata kidogo ili godoro lisiguse turubai. Sheria hii inastahili kuandikwa wazi: godoro lisiguse ukuta upande wowote, kwa kuwa ukuta wa plastiki hupoa kabla ya vitu vingine alfajiri, na umande wa ndani huanzia hapo.

Kuhusu mito, mke wangu alikataa ya sifongo na akashona ya sufi. Sufi ni nyepesi, haipendi maji kiasi kwamba zamani ilijazwa katika majaketi ya kuokolea watu baharini, na jua la asubuhi moja huirudishia uhai wake. Kasoro yake ni kujikusanya mabonge, na kushika moto upesi mno, kwa hiyo mishumaa na mabuhuri hayaingii tena kitandani. Udi unafukizwa nje, na foronya hupitishwa juu ya moshi kwa mkono.

Masika

Mvua za masika zimekijaribu kibanda kwa namna ambayo kaskazi haikuweza. Mafunzo ni machache lakini mazito.

Turubai likishushwa likiwa bichi lisikae limekunjwa zaidi ya siku moja, mbili zikizidi sana. Baada ya hapo kuvu huanza kwenye mikunjo, na madoa yake hayatoki kabisa hata ukuta ukisafishwa vizuri. Mvua inapotulazimisha kufunga na kuondoka, paa huinuliwa tena mara tu tunapofika penye kivuli, hata kama ni barazani mwa mwenyeji anayetushangaa. Nikiona vidoa vya kwanza, ninachanganya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, ninapaka kwa kitambaa, ninaacha kwa muda, kisha ninasuuza na kuanika upande huo uelekee jua.

Kupika ndani kumekoma kabisa. Wengi hudhani mvuke wa sufuria ndio tatizo, kumbe hata jiko lenyewe ni chemchemi: kila kilo moja ya gesi ya kupikia inapoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa sura ya mvuke, na mvuke huo wote huishia kwenye kuta na matandiko. Isitoshe, moto ndani ya chumba kidogo kilichofungwa kwa sababu ya mvua huleta hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu ya kumwamsha mtu. Chai ya alfajiri sasa inapikwa chini ya turubai la pembeni, na anayeitaka mapema ndiye anayetoka.

Mvua inaponyesha usiku kishawishi ni kufunga madirisha yote. Tumejizuia. Dirisha la upande usiopigwa na mvua huachwa wazi kwa upana wa viganja viwili, na tundu la paani, lenye kifuniko, huwa wazi daima. Hewa ya masika ni nzito kweli, lakini hewa ya ndani iliyotoka vifuani mwa watu wawili ni nzito kuliko hiyo.

Kusi

Upepo wa kusi umeingia kwa nguvu zake na suala la raha ya usingizi limebadilika kutoka unyevu kwenda upepo wenyewe. Ni neema inayohitaji adabu. Gari likisimama likiupa upepo ubavu, kuta hupigapiga usiku kucha na mikono ya gesi hulia. Likielekezwa pua moja kwa moja kusini-mashariki, kelele hupungua lakini hewa haipiti kitandani, kwa kuwa mbele hakuna dirisha. Tunaliegesha kwa mshazari, pua ikiwa imepinda kidogo, na ikiwezekana nyuma ya mivinje iliyopandwa ufukweni, ambayo huvunja nguvu ya upepo bila kuuzuia.

Upande wa upepo tunafungua dirisha dogo lililo karibu na vichwa, na upande wa pili tunafungua dirisha kubwa. Mtu angetarajia kinyume chake, yaani tundu kubwa la kuingilia hewa, lakini tundu dogo la kuingilia likiwa na tundu kubwa la kutokea huifanya hewa iingie kwa kasi zaidi, na kasi juu ya ngozi ndiyo inayompoza mlalaji. Usiku ambao kusi hukatika kuna feni ndogo ya volti 12. Ikitumia ampea moja kwa saa nane, hula ampea-saa nane tu, kiasi ambacho betri ya asidi ya ampea-saa 100 hubeba bila shida, ingawa betri ya aina hiyo haifai kushushwa chini ya nusu yake.

Kivuli cha mchana pia kimeandikiwa kanuni. Mnazi hauegeshewi gari, na sababu iko juu yake. Mkorosho na mwembe vina kivuli kizuri na majimoto wengi, wadudu wanaojua njia ya kuteremka tawi hadi paa na kutoka paa hadi shingoni. Mwarobaini ndio mti wetu.

Mchanga ni habari fupi kuliko watu wanavyodhani. Mchanga mkavu hujiondokea, mbichi hung'ang'ania; kwa hiyo asiyeharakisha hufagia kidogo. Mlangoni kuna mkeka nje, karai la maji ya miguu, na poda ya watoto kwa vidole, kwa kuwa poda hunyonya ubichi na mchanga huanguka wenyewe. Fagio la chelewa halipandi ndani. Ndani ni brashi laini na kitambaa. Tope laini la Sabaki, ambalo wakati wa kaskazi husukumwa kusini hadi ghuba ya mji wetu, ni jambo tofauti: hilo halifagiliwi, hufutwa kwa maji.

Safari ya Tsavo Mashariki, kusi hiyo hiyo

Vumbi jekundu la Tsavo lina tabia ya kuingia kwa nyuma. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake huwa na msukumo mdogo kuliko ya ndani, vumbi huvutwa na kujipenyeza kwenye kila upenyo wa mlango. Kuongeza raba za kuziba kulisaidia kiasi. Kilichosaidia zaidi ni kuelekeza tundu la paani mbele na kuliacha wazi kidogo safarini, ili hewa safi ya juu iingie na kukijaza kibanda, na msukumo wa ndani uzidi ule wa nje. Matandiko husafiri yamefunikwa kikoi kikubwa kilichochopekwa kandokando. Usiku wa huko ni mkavu, na kamba za kitanda zililegea. Zilikazwa upande wa miguuni kama tulivyofundishwa.

Demani (kusi ikielekea kwisha)

Upepo umepungua, mikoko ya Ngomeni imetulia, na visubi wametoka. Wavu uliokuja na kibanda huzuia mbu lakini si hawa. Chandarua cha kawaida cha mbu kina matundu 156 kwa inchi moja ya mraba, na kisubi mwenye urefu wa milimita moja au mbili hupita humo bila kuinama. Wavu mzito zaidi upo, ila unakata upepo, na katika joto hili mtu huchagua baina ya kuumwa na kutokwa na jasho. Uamuzi wetu ni kuwa na vyote viwili: wavu wa kawaida umeshonwa moja kwa moja, na wa pili, mzito, umewekewa utepe wa kunata ili ubandikwe jioni tunapolala karibu na mikoko na kubanduliwa upepo ukianza. Feni nayo husaidia, kwa kuwa visubi ni wadudu dhaifu wa kuruka.

Zipu za chuma zimeanza kung'ang'ana kwa chumvi. Zimesuguliwa kwa mswaki na maji safi, zikakaushwa, kisha zikapakwa nta ya mshumaa. Pale boliti za chuma cha pua zinapogusana na alumini ya bodi, kumeota unga mweupe. Metali hizo mbili zikikutana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kila boliti itafunguliwa, iwekewe washa ya plastiki na kupakwa grisi kabla ya mvua za vuli. Tutaanza na zile za mlango wa nyuma, kwa kuwa ndizo zinazorushiwa maji ya miguu kila jioni, na karai lenyewe litahamishiwa upande wa kushoto.